Kuhara kwa watoto wadogo na mambo yanayoongeza hatari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi wa watoto wa chini ya miaka mitano. Mengine ni marefu na mengine ni mafupi, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito sawa: kueleza kwa nini mtoto wa miezi tisa huhara mara nyingi kuliko wa miezi mitatu kunahitaji nafasi, ilhali swali la dawa za kufunga choo linajibika kwa maneno machache.

Kuhara ni nini hasa, na nitajuaje kwamba choo cha mtoto wangu si cha kawaida?

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mtu anahara pale anapopata choo laini au cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, au mara nyingi kuliko ilivyo kawaida yake mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kushika kwa mtoto mchanga. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kupata choo chepesi cha manjano mara kadhaa kwa siku, huku ananyonya vizuri na uzito unapanda, na huko si kuhara. Kinachopaswa kumshtua mlezi ni badiliko: choo kilichokuwa na uzito fulani kimegeuka maji, kimeongezeka ghafla, au kimekuja na kamasi na damu.

Wahudumu wa afya hutofautisha hali tatu, na tofauti hiyo huamua matibabu. Kuhara kwa majimaji huanza ghafla na kudumu saa kadhaa au siku kadhaa. Kipindupindu kimo katika kundi hili. Kuhara damu huashiria kwamba ukuta wa utumbo umejeruhiwa. Kuhara kwa muda mrefu ni kule kunakofika siku 14 au kupita, na mara nyingi humkuta mtoto ambaye lishe yake ilikwisha kuyumba.

Kwa nini ugonjwa uliozoeleka namna hii unaua?

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kuhara huua takribani watoto 444,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka, na ni sababu ya tatu kwa ukubwa ya vifo vya watoto wenye umri wa kati ya mwezi 1 na miezi 59. Mara nyingi kinachoua ni maji na chumvi zinazotoka mwilini pamoja na choo na matapishi, wala si kijidudu chenyewe. Mtoto mdogo yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya mwili wake ni maji, matumizi yake ya maji kwa siku ni makubwa ukilinganisha na uzito wake, na hawezi kujichotea wala kusema kwamba ana kiu.

Tumchukue mtoto wa kilo 8. Akipoteza asilimia 10 ya uzito wake kwa kuhara, amepoteza gramu 800, yaani maji yasiyojaza hata chupa ya lita moja, naye amekwisha fika kwenye hali ya kutishia maisha. Mtu mzima wa kilo 70 akipoteza kiasi hicho hicho cha maji, huenda asione zaidi ya kiu na uchovu. Ndiyo maana mtoto aliyeanza kuhara alfajiri anaweza kuwa amelegea kabisa ifikapo jioni, hata kama hakuna aliyeona jambo la kutisha mchana kutwa.

Ipo njia nyingine ya kuua, nayo ni ya polepole. Mtoto anayehara hula kidogo, na hata kile anachokula hakifyonzwi vizuri. Akipona anabaki na uzito pungufu, na kwa uzito huo anapokea vibaya zaidi shambulio linalofuata. Vipindi vinne au vitano vya namna hiyo kwa mwaka vinatosha kumrudisha nyuma kimo na nguvu, bila hata kimoja kati yake kuwa kikali.

Ni vijidudu gani vinavyohusika?

Ni vingi, lakini vichache ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, zikiwemo Kenya, Msumbiji, Mali na Gambia, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba visa vingi vya kuhara kwa kiwango cha kati na kikali vilitokana na vinne: virusi vya rota, kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, bakteria wa shigela, na aina fulani ya bakteria wa E. coli wanaotoa sumu ndani ya utumbo. Vyote hupita njia moja, yaani hutoka katika kinyesi cha mtu au mnyama na kuingia kinywani mwa mtoto, iwe kwa maji, chakula, vidole, vyombo, nzi au udongo. Shigela huhitaji chini ya bakteria 100 ili kumwambukiza mtu, idadi ambayo hukaa bila shida chini ya ukucha mmoja.

Kwa nini watoto wa miezi 6 hadi 24 ndio huhara zaidi?

Hili ndilo swali lenye mengi, kwa sababu katika umri huu hatari kadhaa hukutana kwa wakati mmoja. Kinga ambayo mtoto aliipata kwa mama yake kabla ya kuzaliwa imepungua, na kinga yake mwenyewe bado haijakomaa. Wakati huo huo anaanza kutambaa, na kwa mtoto anayetambaa sakafu na uwanja ni sahani: kila anachokiokota hukipima kwa mdomo. Na katika miezi hiyo hiyo ndipo anapoanza kupewa chakula cha nyongeza.

Kwa maoni yangu, chakula hicho hakipewi lawama inayostahili. Watu huyaogopa maji na kusahau kikombe cha uji. Uji unapikwa asubuhi, unachemka vizuri, na kwa wakati huo ni salama. Kisha unamiminwa kwenye kikombe, unafunikwa na kuwekwa pembeni, mtoto anakula nusu, na nusu inayobaki inasubiri mchana. Ndani ya saa hizo chache, katika joto la kawaida la chumba, bakteria wachache walioingia kupitia kijiko au mkono huongezeka na kuwa mamilioni, na chakula hakibadiliki ladha wala harufu kwa kiwango cha kumtahadharisha mtu. Mfuniko huzuia nzi, lakini haumzuii bakteria aliyekwisha kuwa ndani. Kinachosaidia ni kupika kiasi kidogo kinachomalizwa kwa mlo mmoja, kutokiacha chakula kilichopikwa nje kwa zaidi ya saa mbili, na kikilazimika kutumika tena, kukichemsha upya mpaka kitokote badala ya kukipasha tu vuguvugu.

Kabla ya miezi sita hatari kubwa zaidi inayoweza kuepukwa ni kumpa mtoto kitu kingine chochote mbali na maziwa ya mama, yakiwemo maji. Hata wakati wa joto kali maziwa ya mama humtosheleza kiu, na kila kijiko cha maji kinachoongezwa ni mlango mpya wa vijidudu. Chupa ya kunyonyea ina tatizo lake: chuchu yake ina mikunjo na tundu ambavyo ni vigumu kusafisha, na mabaki ya maziwa hujificha humo. Mtoto anayelazimika kupewa maziwa mengine ni afadhali apewe kwa kikombe cha wazi kisicho na mikunjo.

Je, kuota meno husababisha kuhara?

Hapana, ingawa ni rahisi kuelewa imani hiyo ilikotoka. Meno huanza kuchomoza karibu na mwezi wa sita, wakati ule ule mtoto anapoanza kula na kutambaa, na fizi zinazowasha humfanya atie kila kitu mdomoni. Jino na kuhara huja pamoja kwa sababu ya umri, lakini jino halilegezi choo. Madhara ya imani hii ni kuchelewa: mama anasubiri jino litoke huku mtoto anaishiwa maji.

Tunachemsha maji ya kunywa. Mbona mtoto bado anahara?

Kuchemsha maji ni jambo jema na si la kuachwa. Huua hata kriptosporidiamu, ambaye klorini ya kawaida haimwezi. Lakini maji ya kunywa ni njia moja kati ya nyingi. Maji yaliyochemshwa yakichotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mikono michafu, au yakihifadhiwa kwenye chombo chenye mdomo mpana, huchafuka tena kabla hayajanyweka. Chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba kinapunguza tatizo hilo.

Tafiti zilizofanyika Bangladesh, Kenya na Zimbabwe, ambazo familia zilisaidiwa kupata vyoo bora, vifaa vya kunawia mikono na dawa ya kutibu maji, zilitoa matokeo yanayofundisha unyenyekevu: Bangladesh kuhara kulipungua, ilhali Kenya na Zimbabwe hakukupungua. Somo lake si kwamba usafi hauna faida. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba mahali ambapo uchafu ni mwingi, wanyama wanazunguka nyumba nzima na maji ni haba, kurekebisha njia moja au mbili za maambukizi huacha nyingine nyingi zikiwa wazi. Kinyesi cha kuku na mifugo katika uwanja anamotambaa mtoto ni njia inayosahaulika kwa urahisi, kwa sababu kampeni za vyoo huzungumzia kinyesi cha watu tu.

Kunawa mikono kwa sabuni bado ni kinga nzuri, hasa katika nyakati mbili: baada ya kutoka chooni au kumsafisha mtoto, na kabla ya kuandaa chakula au kumlisha. Sabuni ya kipande cha kawaida inatosha.

Kinyesi cha mtoto mchanga kinadhuru kweli?

Kinadhuru. Watu wengi hukiona hakina neno kwa kuwa mtoto hali chakula cha watu wazima, lakini watoto ndio wanaougua zaidi, hivyo kinyesi chao hubeba vijidudu vingi. Kitupwe chooni, na maji yaliyofulia nepi yasimwagwe uwanjani.

Ni hali gani za mtoto mwenyewe zinazomweka hatarini zaidi?

Ya kwanza ni utapiamlo. Mtoto aliyekonda au aliyedumaa huhara kwa muda mrefu zaidi na hufariki kwa urahisi zaidi kuliko mwenzake aliyeshiba, hata wakiambukizwa kijidudu kimoja. Upungufu wa vitamini A na wa madini ya zinki hudhoofisha utando wa utumbo pamoja na kinga. Surua nayo huacha kinga ikiwa imedhoofika kwa wiki na hata miezi kadhaa, na kwa sababu hiyo chanjo ya surua ni kinga dhidi ya kuhara pia. Mtoto anayeishi na VVU ambaye hajaanza matibabu hupata kuhara kunakorudiarudia.

Je, kuhara ni matokeo ya uzembe wa mama?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu la wazi: kwa sehemu kubwa, hapana. Mama anayetembea mwendo mrefu kutafuta ndoo moja ya maji atayagawa kwa kupikia na kunywa kabla ya kunawa, na yeyote katika nafasi yake angefanya hivyo. Msongamano wa watu katika chumba kimoja, choo kinachotumiwa na kaya nyingi, na kukosa nishati ya kuchemshia chakula mara ya pili ni vihatarishi ambavyo havitoki kwa nasaha. Elimu ya mama inahusiana na kupungua kwa vifo, lakini sehemu ya uhusiano huo ni kwamba aliyesoma mara nyingi pia ana kipato na yuko karibu na huduma.

Chanjo ya rota inazuia kuhara kote?

Haizuii kote, inazuia kule kunakosababishwa na virusi vya rota, hasa kukali. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani, tajiri kwa maskini, alikuwa ameambukizwa virusi hivi kabla ya kufikisha miaka mitano, jambo linaloonyesha kwamba usafi peke yake hauviwezi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hii iingizwe katika ratiba ya kila nchi. Hutolewa kwa matone mdomoni, dozi mbili au tatu kutegemea aina, kuanzia wiki ya 6 baada ya kuzaliwa. Katika nchi zenye vifo vingi nguvu yake ni ndogo kuliko katika nchi tajiri, lakini kwa kuwa ugonjwa huko ni mwingi, watoto wanaookolewa ni wengi zaidi.

Nitajuaje kwamba mtoto anaishiwa maji?

Mwangalie kwanza kabla ya kumgusa. Macho yameingia ndani, analia bila machozi, mdomo na ulimi vimekauka, mkojo umepungua, na kwa mtoto mchanga utosi umedidimia. Kisha mpe maji kwa kijiko: anayeyapokea kwa pupa na kukataa kuachia kijiko ameanza kuishiwa, na anayeshindwa kabisa kunywa yuko katika hali mbaya. Mwisho, finya taratibu ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, kisha uiachie. Ngozi yenye maji ya kutosha hurudi mara moja. Ikirudi polepole maji yamepungua, na ikichukua zaidi ya sekunde mbili yamepungua sana.

Kwa mtoto aliyekonda kwa utapiamlo mkali vipimo hivi hudanganya, kwa kuwa macho yake huwa yameingia na ngozi imelegea hata asipohara. Huyo apelekwe kituo cha afya bila kusubiri, na hata maji ya kumrudishia chumvi huchanganywa kwa namna nyingine.

Nimempa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) lakini kuhara hakukomi. Je, dawa haifanyi kazi?

Inafanya kazi, ila kazi yake si kufunga choo. ORS hurudisha maji na chumvi zilizopotea, na kuhara kwenyewe huisha kwa wakati wake, kwa kawaida ndani ya siku chache. Siri yake iko katika ukuta wa utumbo: sukari na chumvi vikifika pamoja kwa kipimo kinachofaa hufyonzwa kwa pamoja na kuvuta maji, na mlango huo hubaki wazi hata utumbo ukiwa umeshambuliwa. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya dripu katikati ya mlipuko wa kipindupindu, akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari. Vifo vikashuka kutoka takribani asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Pakiti ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa kuwa zipo za lita moja na za nusu lita. Maji yakiwa machache chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Yakizidi, dawa hupoteza nguvu. Usiongeze soda, juisi wala maziwa, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, na wa miaka miwili au zaidi apewe 100 hadi 200, kwa kijiko au kwa mafunda madogo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Hapa subira ya mlezi ndiyo tiba: kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, kwa saa nyingi, kwa mtoto anayegeuza uso.

Kama hakuna pakiti, naweza kutengeneza nyumbani?

Unaweza, wakati unaendelea kuitafuta. Chukua lita moja ya maji safi, weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa na si vya kilima. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Kosa la kuogopa ni chumvi kuzidi. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, hivyo hauchukui nafasi ya pakiti.

Je, nimpe dawa ya kufunga choo au antibaotiki?

Dawa ya kufunga choo, hapana. Antibaotiki ni kwa kuhara damu, kipindupindu na hali nyingine chache atakazoamua mhudumu. Kwa virusi vya rota hazina kazi.

Vidonge vya zinki ni vya nini?

Hufupisha kuhara na kupunguza uwezekano wa kurudi katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14 kwa dozi atakayoandika mhudumu, na kosa la kawaida ni kuviacha siku ya tatu kwa sababu choo kimekuwa kizuri. Choo kikitengemaa, viendelee mpaka viishe.

Ni lini nisikae nyumbani tena?

Mpeleke mtoto mara moja akiwa na damu kwenye choo, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila anachopewa, akilegea au akiwa mgumu kuamka, akipata degedege au homa kali, au macho yakiingia ndani. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayehara apelekwe hata kama dalili hizo hazipo. Njiani endelea kumpa ORS na kumnyonyesha. Safari isiwe muda wa kukauka.

Je, utumbo unahitaji kupumzishwa kwa kumnyima chakula?

La. Utumbo hujijenga upya kwa chakula, na mtoto anayenyimwa hupona polepole. Anayenyonya anyonye mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Aliyeanza kula apewe chakula chake cha kawaida, kilichopondwa vizuri na kuongezwa mafuta kidogo, kwa milo midogo kila baada ya saa tatu au nne, bila kulazimishwa. Hamu ikirudi, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa angalau wiki mbili, na apimwe uzito mwishoni mwa wiki hizo ili ijulikane kama amerudia pale alipokuwa kabla ya kuugua.